Tatuu: Vidoleni au Mgongoni?

Zamani swali hili halikuwepo. Aliyechora tatuu alihesabiwa baharia au mhuni, basi. Jiji la New York lilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 1961, likairuhusu tena 1997. Japani nayo, ni mwaka 2020 tu ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwamba mchoraji hahitaji leseni ya udaktari. Siku hizi hata karani wa benki anayo. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuichora.

Mgongoni au begani, shati linakusitiri. Bosi hajui, mama mkwe hajui, na jua haliufikii wino kirahisi, hivyo mistari hudumu. Kasoro yake: ya mgongoni mwenyewe huioni bila kioo.

Vidoleni na shingoni ni habari nyingine. Kwenye usaili, jicho la anayekuhoji hutua hapo kabla hujajieleza, na zipo kazi, hasa za sare, ambazo bado hazitaki kuiona. Halafu kuna ngozi yenyewe. Vidole hunawishwa, husuguliwa na kupigwa jua kutwa. Mstari mwembamba wa ubavuni mwa kidole hufifia na kukatikakatika, ukalazimika kurudi kwa mchoraji aukoleze. Wapo wachoraji wanaomkatalia mteja anayetaka kuanzia hapo, na mimi nawaunga mkono.

Faida? Unaiona kila ukishika kikombe. Kwa aliyechora jina la marehemu wake, hilo si jambo dogo. Ila kama ni tatuu ya kwanza, mimi ningeanzia begani.