Pedali mpya za breki kwenye Super Cub yetu: uzoefu wangu

Ndege yenyewe ni Piper PA-18 Super Cub ya 1956, injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 150. Tunaimiliki watu watatu na inalala uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kati yetu mwenye mguu mkubwa ni mimi, kiatu namba 45, na ndiye niliyelalamika mpaka wenzangu wakachoka, wakakubali tuchange.

Kwa asiyeijua Cub, breki zake hazikanyagwi kwa vidole. Juu kuna pedali za usukani wa mkia. Chini yake, kuelekea katikati, kuna vibamba viwili vidogo vya kukanyaga kwa kisigino. Mguu mmoja, kazi mbili: mbele ya wayo unasukuma usukani, kisigino kinatafuta breki. Kinatafuta kweli, maana kibamba hukioni. Na kwa kuwa hii ni ndege ya gurudumu la mkia, uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kupinda ardhini itaendelea kupinda mpaka itazame ilikotoka. Hapo unataka usukani wote na breki ya upande huohuo kwa pamoja, na hapo ndipo kisigino changu kilikuwa kikikosa kibamba na kukanyaga sakafu.

Siku niliyoamua basi, nilikuwa nimetua kiwanja cha murram kule Mara, ngiri akavuka mbele yangu na watoto watatu, mikia juu. Nilikanyaga, nikakanyaga tena. Ndege ilisimama kwa huruma yake yenyewe. Ngiri hata hakukimbia.

Tatizo si mguu wangu tu. Tumefunga matairi makubwa kwa ajili ya viwanja vya mawe, na tairi likiwa kubwa breki ileile inakuwa dhaifu, kwa sababu inashindana na mkono mrefu zaidi kutoka ekseli hadi ardhini. Ongeza urefu wa Wilson, kama futi 5,500. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha mwendo kikisoma sawasawa na Mombasa, magurudumu yanagusa lami kwa kasi iliyozidi karibu sehemu moja ya kumi. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza inazidi kwa karibu moja ya tano. Mtu wa pwani hawezi kukuelewa ukimlalamikia.

Nilifikiria kuhamia breki za vidole kabisa, nikaacha. Kazi yake ni kubwa, na breki za kisigino zina baraka moja: huwezi kutua ukiwa umezikanyaga bila kujua. Tulichonunua ni vibamba vipana pamoja na masta silinda (pampu ndogo zinazosukuma mafuta ya breki) zenye nguvu zaidi badala ya zile za zamani. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, ungepata bodaboda mpya.

Kifurushi kilifika bila karatasi za kuonyesha kwamba kimeidhinishwa kwa modeli yetu. Muuzaji, simtaji, alinizungusha kwa barua pepe wiki mbili. Injinia wetu akagoma kushika spana. "Kapteni, hii si bodaboda. Ukifunga pedali isiyo na cheti, ndege haina ruhusa ya kuruka, na siku ya ajali bima haikujui." Nilinuna, lakini alikuwa sahihi.

Karatasi zilipopatikana, kufunga kulichukua siku mbili, muda mwingi injinia akiwa amelala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango. Alipomaliza akaniambia niingie nisukume usukani mpaka mwisho, kushoto, kisha kulia. Kushoto ukaenda laini. Kulia tukasikia krrr. Akapaka chaki ukingo wa kibamba, nikasukuma tena, chaki ikabaki kwenye bomba la pedali ya usukani. Vibamba vilikuwa vimebadilishana, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, na ukivitazama mezani ni kama mapacha. Tungeruka hivyo, siku ya upepo wa ubavuni ningeukosa usukani nusu.

Kisha pedali zikawa laini kama sifongo. Nilikuwa tayari kumtukana muuzaji, kumbe ni upepo kwenye mirija ya breki. Kijana wa hanga alikuwa ameutoa kama wanavyofanya kwenye gari, kukanyaga na kulegeza nati gurudumuni. Injinia akarudia kwa kusukuma mafuta kutoka chini: mpira kwenye nati ya gurudumu, kopo la kupampu, na oili nyekundu ya 5606, ile ya breki za ndege, ikapanda taratibu na mapovu yake mpaka juu. Usithubutu kutia mafuta ya breki ya gari. Yanaharibu mipira ya sili. Nakiri hapa: huenda sehemu nzuri ya udhaifu wa zamani ilikuwa upepo huohuo. Toa upepo kwanza, halafu ndio ufungue pochi.

Sasa nikiungurumisha injini kabla ya kuruka ili kujaribu magneto, zile zinazowasha plagi, ndege haisogei hata inchi. Kisigino kinapata kibamba chenyewe, hata nikiwa nimevaa buti. Ila zina nguvu kuliko nilivyozoea. Siku ya kwanza, nikiipisha Caravan, ndege kubwa kuliko yetu, nilikanyaga kwa nguvu za zamani, mkia ukanyanyuka na pua ikainama. Nilivuta fimbo ya kuongozea ndege mpaka tumboni, moyo ukiwa kooni. Siku hizi nabonyeza kidogo na kuachia, nabonyeza na kuachia. Breki za kiti cha nyuma hazikuguswa, kwa hiyo mwalimu akikaa huko bado anahangaika na kibamba kilekile cha kale.

Wenzangu, namba 41 wote wawili, wanasema hawaoni tofauti kubwa.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama wangepiga chapa ya kushoto na kulia kwenye vile vibamba.