Oveni ya makaa ya Katwe: nimeijaribu kwa pai ya limau

Haya jamani karibuni tena, leo siko jikoni niko nje kwenye baraza, na hii hapa ndio ile oveni ya makaa mliyokuwa mnaniulizia, ya bati, mafundi wa Katwe hapa Kampala ndio wanazigonga, nimeilipia laki na nusu za Uganda baada ya kubishana na fundi karibu saa nzima. Inakaa juu ya sigiri ya kawaida, yaani jiko la makaa, ndani ina rafu mbili, na juu hapa ngoja niigeuze muone, kuna katrei ka kuwekea makaa. Hako katrei ndio kalifanya nitoe pesa. Keki na mandazi ya kuoka kila mtu ameshajaribu, mi nikasema naipa pai ya limau ya kizamani, ile yenye povu jeupe juu, maana ganda linataka moto wa chini na povu linataka moto wa juu, oveni ikiwa ya uongo itaumbuka hapo hapo.

Na kabla sijasahau, usiiwashe ndani ya nyumba madirisha yamefungwa, moshi wa makaa una sumu ambayo huinusi kabisa, unalala huamki. Nje tu.

Ganda ni unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100, chumvi kidogo, maji baridi vijiko vitatu, usikande kama chapati, ukikanda sana linakuwa gumu. Sukuma, tandaza kwenye sahani ya pai, weka karatasi na maharagwe makavu juu yake lisivimbe, dakika 20, toa maharagwe, dakika 10 tena. Hapa oveni imenishangaza, tazameni chini, nagonga na kucha, mnasikia? Kavu kabisa. Oveni yangu ndogo ya umeme chini huwa inaniachia unga mbichi.

Sasa ndani, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Malimau nimechukua soko la Nakasero, nnyabo, yule mama muuzaji, akaniuliza enniimu, yaani malimau, za chai ama za dawa ya kikohozi, nikamwambia za pai akacheka. Matatu makubwa yamenipa nusu kikombe cha maji yake, na ganda lake nimekuna ile njano tu, ukifika kwenye nyeupe inakuwa chungu. Maji kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, konflawa, ule wanga mweupe wa mahindi, vijiko vitano vya mezani. Banange, konflawa, sio unga wa posho, ule wa ugali! Kuna mtu wangu wa karibu aliweka wa posho, akapata uji wa limau.

Chemsha maji, sukari na konflawa mpaka iwe nzito, chota kidogo umimine kwenye viini vinne huku unakoroga visije vikaiva kama mayai ya rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, rudisha vyote kwenye sufuria, halafu acha itokote kweli, dakika mbili nzima unakoroga tu. Mara ya kwanza mi niliogopa, nikaipua mapema, usiku ilikuwa nzito imependeza, asubuhi nakuta maji yanaelea. Kumbe kwenye kiini kuna kimeng'enya kinachokula wanga, usipokiua kwa moto kitakula konflawa yako usiku kucha wewe umelala. Limau ni mwishoni, ukishaipua, kwa sababu ukali wake ukichemka na konflawa unailegeza. Siagi vijiko viwili, basi.

Ute wa yale mayai manne unapigwa na sukari gramu 100, ukiweka kidogo kidogo, mpaka ukiinua mwiko povu linasimama. Mwaga ule mchanganyiko wa limau kwenye ganda ukiwa bado moto, povu juu yake hapo hapo, lishike ukingo wa ganda pande zote, ukiliweka kwenye kitu cha baridi chini halitaiva, litatoa maji na kuteleza.

Halafu sasa mtihani. Nimetoa karibu makaa yote chini nikayapandisha kwenye katrei. Haina kipimo cha joto kwahiyo nachungulia tu, na kila nikichungulia joto linatoka, hiyo ni kasoro kubwa. Dakika 15, na upande huu umekuwa kahawia safi, upande wa mlango mweupe kama pamba. Nimegeuza sahani, dakika tano zaidi, ikakaa sawa.

Nimesubiri masaa matatu ndio nakata, watoto wa jirani wamekaa hapo kwenye ngazi tangu mchana bambi. Mmeona? Kipande kimesimama, hakimwagiki.

Umeme ukikatika jioni unaendelea na kazi yako kwahiyo ningeinunua tena, ila mwambie fundi akufungie mpini wa mbao mlangoni, wangu ni chuma kitupu, na vidole hivi viwili mnavyoona vimefungwa kitambaa ndio mjue.