Uzoefu wangu wa tiba ya tabia kwa mtoto mwenye usonji: watoa huduma wawili ndani ya miaka 3

Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Alipokuwa na miaka 3 na miezi michache, daktari wa watoto katika hospitali moja ya Kampala alituambia kwamba ana usonji (autism), akaandika kwenye karatasi kwamba apatiwe tiba ya usemi na tiba ya tabia, kisha akaita mgonjwa aliyefuata. Tunaishi Bombo, ambako mume wangu ni askari. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, ingawa mtoto husikia Kiganda kwa majirani na Kinubi kwa bibi anayemlea ninapokwenda kazini. Naandika kwa ajili ya mzazi aliyeshika karatasi kama ile na hajui aanzie wapi, kwa sababu nimeilipia tiba hii kwa watoa huduma wawili tofauti, wote wakiiita kwa jina moja, na mtoto wangu akatoka kwa kila mmoja akiwa na hali tofauti kabisa.

Wa kwanza alikuwa kituo cha Kampala, ndani ya nyumba nzuri yenye uzio. Mkuu wake alitueleza kwamba tiba hiyo, inayojulikana kwa herufi ABA (kifupi cha Kiingereza cha Applied Behavior Analysis, yaani uchambuzi wa tabia), inahitaji saa 40 kwa wiki, na kwamba karibu nusu ya watoto hupona. Tuliweza kulipia saa 10 tu, na hata hizo zilitulazimu kuuza pikipiki. Nilisafiri naye kwa taksi kupitia Matugga, Kawempe na foleni ya Bwaise, nikamkabidhi mlangoni, nikakaa kwenye benchi nje, maana wazazi hawakuruhusiwa kuingia.

Ndani alifundishwa kumtazama mwalimu machoni kila alipoambiwa “tazama”, kwa Kiingereza, na kunyimwa biskuti asipotazama. Alipopunga mikono yake, kama afanyavyo akifurahi, mikono ilishikwa hadi itulie. Tuliambiwa pia tuache Kiswahili nyumbani ili asichanganyikiwe. Baada ya miezi 3 ripoti ilisema amepiga hatua kubwa, na kweli alitazama machoni akiamriwa. Lakini alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, na kila taksi ilipopita Kawempe alilia, kwa sababu alikwisha kuijua njia. Nililia naye siku moja, mbele ya abiria, kisha tukashuka na kurudi nyumbani.

Baadaye nilitafuta asili ya hesabu ile ya nusu. Inatokana na utafiti wa Ole Ivar Lovaas uliochapishwa mwaka 1987 huko Marekani, ambamo watoto 19 walipewa mafunzo ya takriban saa 40 kwa wiki kwa miaka 2 au zaidi, na 9 kati yao wakafaulu darasa la kwanza la kawaida na kupata alama za kawaida katika vipimo vya akili. Watoto hawakugawanywa kwa kura kati ya kundi lililopata mafunzo na makundi ya kulinganisha, jambo linalofanya matokeo yawe magumu kuyategemea, na mafunzo yenyewe yalijumuisha kukaripiwa kwa sauti kubwa na kupigwa kofi pajani. Mzazi anayetajiwa nusu hiyo kama ahadi, huku akiuziwa robo ya saa zilizotumika, anastahili kuelezwa hayo kabla hajauza chochote. Kuhusu lugha, tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaona kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Mtoto wangu alinyimwa kwa miezi 3 lugha ya nyumbani kwao, na hilo bado linaniuma.

Mtaalamu wa pili ni dada aliyekuwa akija nyumbani kila Jumamosi kwa shilingi 60,000 pamoja na nauli. Ziara mbili za mwanzo alikaa tu mkekani akicheza na mtoto kwa vifuniko vya chupa, kwa namna ambayo mtoto mwenyewe alitaka. Kisha akaniuliza: “Mama, ni jambo gani moja likibadilika, nyumba nzima itapumua?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilijibu mawili: kujigonga kichwa, na barabara.

Kwa kujigonga kichwa alinipa daftari, akaniomba kwa wiki 2 niandike kila mara kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Nilidhani najua jibu, kwa kuwa kule kituoni waliniambia anatafuta kuangaliwa, nami nikaagizwa nimpuuze. Daftari lilisema vingine. Karibu kila tukio lilianza asubuhi, mashine ya kusaga unga wa posho ya jirani ilipowashwa. Mtoto alikuwa akiumizwa na kelele, na mimi nilikuwa nikimgeuzia mgongo. Tulimnunulia vizibo vya masikio vinavyovaliwa na wafanyakazi wa viwandani, tukamfundisha kutoa kadi yenye picha ya mlango ili kuomba kuondoka, na kila alipoitoa tuliondoka papo hapo, hata kama sufuria ilikuwa motoni. Ndani ya wiki chache kujigonga kukapungua sana. Hapo ndipo nilipoelewa tiba hii inasimamia nini: tabia ina sababu, na kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuitafuta kabla ya kugusa tabia yenyewe.

Barabara ilichukua miezi 4. Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu ya kwenda Gulu, yenye malori usiku na mchana, na mtoto alikuwa akitoka mbio bila kugeuka. Tulianza uani kwa kamba iliyolazwa chini: akifika kwenye kamba, “Simama”, na akisimama anarushwa juu mara moja, kwa kuwa anapenda kurushwa kuliko chakula chochote. Kisha kamba ikahamia getini, kisha ukingoni mwa lami tukiwa tumemshika mkono, na zawadi ikapunguzwa kidogo kidogo. Leo husimama mara nyingi. Mkono bado tunamshika.

Kwa hiyo nikiulizwa namna ya kumchagua mtaalamu, huuliza kwanza kuhusu malengo. Kuomba maji, kwenda chooni, kusimama kabla ya lami ni malengo yanayomsaidia mtoto. Kutazama watu machoni na kutuliza mikono huwapa raha watazamaji, na watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo hayo utotoni wamesimulia jinsi walivyojifunza kujificha na uchungu uliowabakia. Huuliza pia kama mzazi anaruhusiwa kukaa chumbani wakati wowote. Mlango ukifungwa, mimi siingizi mtoto. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi, kwani tangu mwanzo wa 2023 bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya taaluma hii haipokei maombi mapya ya watu wanaoishi Uganda, hivyo wengi watakaokuja kwako watakuwa wamesoma kwa njia nyingine, wazuri na wabaya. Mtazame mtaalamu anafanya nini mtoto anapokataa.

Kwa asiyeweza kulipa kila wiki, ajue kwamba Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wazazi wenyewe, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji au ulemavu. Unahusu kucheza pamoja, kuwasiliana na kuzielewa tabia ngumu. Mengi anayotufundisha dada huyu yanafanana nao, na sasa anakuja mara 2 tu kwa mwezi kwa sababu kazi kubwa tunaifanya sisi na bibi.

Mtoto hajapona, na nimeacha kulitumia neno hilo. Ana maneno kiasi cha 30, mengi ya Kiswahili, na hupunga mikono yake atakavyo.

Mwezi huu tunafanyia kazi kinyozi. Wiki ya kwanza tulikwenda kutazama tu. Wiki ya pili alikaa kitini mashine ikiwa imezimwa, akaishika, akaisikiliza. Jumamosi iliyopita kinyozi aliiwasha mbali na kichwa chake, mtoto akahesabu hadi nne, akasema “basi”, na kinyozi akaizima.