Upenu wa mvule kwenye nyumba ya mawe, Malindi

Nyumba yetu iko Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na juu ya baraza ya nje palikuwa na kipande cha bati lililoliwa na chumvi ya bahari hadi likawa linawadondoshea kutu wazee waliokaa chini yake jioni. Tuliipa karakana moja ya useremala kazi ya kutuchongea upenu mpya wa mbao, wenye nakshi zinazofanana na za roshani ya jirani. Kwa kuwa mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, mchoro ulitangulia mbao.

Sehemu iliyoniridhisha zaidi ni ile isiyoonekana. Uchochoro wetu ni mwembamba, mkokoteni hupita kwa shida, hivyo nguzo hazikuwezekana. Upenu mzima, upana wake mita 3, umebebwa na mikono miwili ya mvule iliyopinda kutoka ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushiki skrubu, kwa sababu ndani yake ni vifusi vinavyomomonyoka. Fundi alitoboa unene wote, takriban sentimita 55, akapitisha nondo zenye hesi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu), za chuma kisichoshika kutu, akazikaza kwa nati upande wa chumbani juu ya ubao mpana. Nilipomwona kijana wake akikoroga saruji ya kuzibia matundu, fundi mwenyewe, ambaye ni mzee, alimzuia, kisha akanigeukia: “Mwanangu, ukuta huu hunywa maji na hutaka kuyatema. Saruji itayafungia ndani.” Matundu yakazibwa kwa chokaa.

Nakshi nazo zimekatwa kwa mkono safi. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba ua la mkono wa kulia lina petali 7 na la kushoto 8, jambo ambalo sikulilalamikia, maana mashine isingekosea hivyo.

Nililolalamikia ni maji. Bati lililofunika upenu kwa juu liliishia sawasawa na ubao wa nakshi uliotundikwa mbele, kwa hiyo masika yalipoanza mvua iliteremka juu ya ubao wenyewe na kukaa kwenye ncha zake, mahali ambapo nyuzi za mbao zimekatwa na hufyonza maji haraka kuliko popote. Kufikia Mei vanishi ilikuwa imetoa malengelenge na ncha mbili zimepata weusi. Seremala wa pwani hapaswi kukosea hapo. Baada ya kumpigia simu mara nne alikuja, akaongeza bati sentimita 5 mbele, akapiga msasa na kupaka mafuta badala ya vanishi, bila malipo ya ziada. Kazi iliyoahidiwa wiki 6 ilikuwa tayari imechukua wiki 11.

Ningempa kazi nyingine, lakini ningemtaka aoneshe kwenye mchoro, kabla ya kupokea malipo ya awali, tone la mvua linaangukia wapi, na ningepanga kila kitu kikamilike kabla ya Machi. Ncha zile mbili zimebaki nyeusi, nazo huonekana ukiwa umekaa barazani.