Unga wa upupu unaouzwa Kampala kama kiongeza dopamini

Kopo ni la gramu 200, lina mfuniko wa kijani na kijiko kidogo cha plastiki ndani. Lebo inaahidi "dopamini zaidi, hamu ya kazi na umakini", kisha inaelekeza vijiko viwili kwa siku kwenye uji au juisi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kimetajwa kiungo kimoja tu: mbegu za Mucuna pruriens. Huo ni upupu, ule ule unaowasha, ila hapa zimesagwa mbegu na si manyoya ya ganda. Bei ya dukani ni shilingi 45,000.

Tuanze na sifa njema. Bidhaa hii si hewa. Mbegu za upupu zina L-dopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ishara, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge vya hospitali vya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukaza mwili, ambako huitwa levodopa. Wanasayansi wa India waliitoa kwenye mbegu hizi tangu mwaka 1937. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ni unga wa kawaida kama wa mihogo hajui anachouza, na hapo ndipo malalamiko yetu makubwa yanapoanzia: dawa yenye nguvu imewekwa kwenye kopo la chakula, bila kiasi, bila onyo.

Kabla ya kiasi, angalia hali ya unga wenyewe. Ulio mzima una rangi ya krimu inayoelekea kijivu na harufu ya maharage mabichi yaliyosagwa. Ukiukuta wa kahawia iliyokolea na umeshikana mabonge, umeingia unyevu. L-dopa ikikutana na maji na hewa hugeuka polepole kuwa melanini, rangi ile ile inayoipa ngozi weusi wake, na melanini haigeuki tena kuwa dawa. Kwa hali ya hewa ya Kampala kopo lililokwisha kufunguliwa lifungwe vizuri na likae mahali pakavu pasipopigwa na jua, si juu ya jiko.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachosaidia kidogo. Koroga nusu kijiko cha unga kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa, kisha tia chembe za magadi. Pembeni weka glasi ya pili yenye unga wa maharage ya kawaida, uifanyie vivyo hivyo. Maji ya upupu huanza kuwa ya kahawia na kuelekea weusi kuanzia juu, panapogusa hewa, kwa sababu magadi huharakisha mgeuko ule wa melanini. Yasipobadilika kabisa, kuna mashaka makubwa na ulichouziwa. Yakibadilika, usishangilie bado: mimea mingi ina kemikali nyingine zinazogeuka rangi kwa magadi, na kipimo hiki hakikwambii ni miligramu ngapi.

Na miligramu ndiyo habari yenyewe. Kijiko kilichomo, ukikisawazisha kwa kisu, hubeba gramu 3 hivi. Ukikirundika, kama watu wengi wanavyofanya, hufika gramu 5. L-dopa kwenye mbegu kavu kwa kawaida huwa kati ya asilimia 3 na 6, kutegemea aina ya mbegu, shamba na namna ilivyokaushwa au kukaangwa. Piga hesabu: kijiko cha chini kabisa kina miligramu 90, cha juu kabisa 300. Anayefuata lebo, vijiko viwili, anaweza kumeza 180 au 600 kwa siku bila kujua yuko wapi. Kidonge cha kawaida cha Parkinson kina miligramu 100 za levodopa pamoja na 25 za kabidopa, na daktari hupandisha kipimo hatua kwa hatua. Lebo isiyotaja hata asilimia ya L-dopa haitoshi kumfanya mtu mwenye afya ameze, achilia mbali mgonjwa.

Hiyo kabidopa inastahili maelezo, maana ndiyo inayoutofautisha unga huu na kidonge. Dopamini yenyewe haivuki ukuta uliopo kati ya damu na ubongo. Ndiyo sababu ndizi mbivu, ambayo ina dopamini nyingi hasa kwenye ganda, haimbadilishi mtu tabia. L-dopa huvuka, ila njiani kuna kimeng'enya kilichotapakaa kwenye utumbo, ini na figo ambacho huigeuza kuwa dopamini kabla haijafika. Sehemu kubwa sana hupotelea huko. Kabidopa hukizuia kimeng'enya hicho nje ya ubongo, na levodopa inayohitajika hupungua kwa takriban robo tatu. Kwa hiyo miligramu 200 za kwenye unga, zisizo na mlinzi wake, zinakaribia 50 za kwenye kidonge.

Dopamini iliyozaliwa nje ya ubongo haikai bure. Hugusa sehemu ya shina la ubongo inayoamuru kutapika, ambayo haina ukuta ule, na mtu hupata kichefuchefu ndani ya saa ya kwanza. Hulegeza pia mishipa, shinikizo la damu likashuka anaposimama ghafla, akaona giza. Hapa hutokea kosa tuliloona ni la hatari kuliko yote: mtu anakwenda famasi kununua metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Metoklopramidi huziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hata ndani ya ubongo. Inafuta kile alichokinunulia unga, na kwa vijana hasa inaweza kuleta mikazo ya shingo, taya na macho inayotisha. Dawa ya kichefuchefu cha unga huu ni kuuacha.

Sasa ahadi ya lebo. Je, mwenye ubongo mzima akiongeza dopamini, hamu ya kazi inapanda? Maneno ya lebo yanaichukulia dopamini kama mafuta kwenye tangi la bodaboda: ukijaza, unakwenda mbali. Ubongo hauendeshwi hivyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani waliopewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zililipuka juisi ilipodondoka. Nyani alipojifunza kwamba taa hutangulia juisi, mlipuko ukahamia kwenye taa, na juisi yenyewe haikuleta kitu. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza kwa muda mfupi, sawasawa na wakati ambao juisi ilitazamiwa. Zinachopima seli hizi ni tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Lichukue jambo hilo hadi kwa muuza rolex wa Wandegeya. Siku ya kwanza akikukunjia chapati yenye mayai matatu kwa bei ya mawili, unapata mlipuko. Akifanya hivyo kila siku, wiki ya pili mlipuko umeshahamia kwenye harufu ya sufuria yake unapokata kona. Siku akirudi kwenye mayai mawili, unahisi umedhulumiwa, ingawa umepata ulicholipia. Ishara hiyo ina maana kwa sababu inapanda na kushuka kwa wakati wake. Kijiko cha unga hakijui umefanya nini wala lini. Kinainua maji yote ya bwawa kwa saa moja au mbili, kisha yanashuka, kwani L-dopa isiyo na kabidopa hupungua nusu kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Maabara zimeonyesha kwamba kipimo kimoja cha levodopa kinaweza kubadilisha namna mtu mzima wa afya anavyojifunza kutokana na malipo. Kutoka hapo hadi "hamu ya kazi" kwenye lebo ni mbali mno.

Zaidi ya hayo, kutaka na kufurahia si kitu kimoja. Mtafiti Kent Berridge na wenzake walionyesha kwamba panya aliyenyimwa dopamini karibu yote bado hulamba midomo kwa utamu wa sukari akitiwa mdomoni, ila haendi kuitafuta. Utamu wenyewe hutegemea zaidi kemikali nyingine, zikiwemo zile za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea. Anayetafuta furaha kwenye kopo hili amekosea mlango.

Wazazi wanaowanunulia watoto wa S.4 na S.6, yaani kidato cha nne na cha sita, wasikilize hapa. Kwenye ubongo wa mbele, unaoshikilia namba na hoja akilini wakati wa hesabu, dopamini ina kiwango cha katikati kinachofaa. Ikipungua sana kumbukumbu hiyo ya kazi inavurugika, na ikizidi inavurugika vile vile. Msongo wa mtihani tayari huipandisha dopamini ya sehemu hiyo pamoja na noradrenalini, kemikali nyingine ya neva. Kumwongezea mtoto mwenye wasiwasi ni kumsukuma upande wa pili wa mlima. Tunasema bila kuzunguka: usimpe.

Kwa wanaobeti tahadhari ni kubwa zaidi. Madaktari wa Parkinson wanajua kwamba dawa zinazoamsha vipokezi vya dopamini, hasa pramipeksoli, huweza kumfanya mtu asiyewahi kucheza kamari akashindwa kuacha, na levodopa pia imo kwenye orodha hiyo ingawa kwa kiasi kidogo. Mkeka wa mpira unaokosa timu moja tayari unacheza na mfumo huu. Wala usiuchanganye unga na mairungi: katinoni ya majani hayo huitoa dopamini na noradrenalini kwenye maghala ya neva, na wewe unayajaza maghala hayo hayo.

Muuzaji mzuri angemuuliza mteja anameza dawa gani. Anayetumia haloperidoli au klorpromazini, dawa za magonjwa ya akili, asiuguse, kwani dawa hizo hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, na L-dopa inaweza kumwamshia sauti na hofu zilizokuwa zimetulia. Anayekunywa dawa za shinikizo la damu anaweza kuanguka anapoinuka kitandani. Mjamzito auache, na vidonge vyake vya madini ya chuma huishika L-dopa tumboni isifyonzwe. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi kwa kawaida hupewa na vitamini B6, na B6 hukichochea kile kimeng'enya cha nje ya ubongo: hata miligramu 10 hadi 25 kwa siku hudhoofisha levodopa isiyo na kabidopa. Mkojo ukigeuka mweusimweusi, hiyo si damu, ni mabaki ya L-dopa.

Kuhusu neno "asilia" lililoandikwa mara tatu kwenye kopo: mwaka 1989 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wakati wa njaa na ukame, watu wapatao 200 walishikwa na wazimu wa ghafla baada ya kula upupu. Desturi ilikuwa kuzichemsha mbegu na kumwaga maji mara kadhaa, na maji hayo ndiyo hubeba L-dopa. Maji yalipoadimika, hatua ya kumwaga ikarukwa. Wakulima wa mashariki mwa Uganda waliopanda upupu kufunika udongo wasigeuze mbegu kuwa mboga bila kuzichemsha na kumwaga maji mara kwa mara. Mbegu za kwenye kopo hili, kwa kuwa zimesagwa ili L-dopa ibaki, ziko upande wa mbichi, na kuharisha kwa siku za mwanzo huweza kutokana na viambato vinavyozuia mmeng'enyo wa protini.

Kuna mtu mmoja ambaye unga huu unaweza kumfaa, naye lebo haikumtaja: mgonjwa wa Parkinson anayeshindwa kupata vidonge kila mwezi. Dalili za ugonjwa huo hujitokeza pale dopamini nyingi ya eneo linaloongoza mwendo imeshapotea, na hapo kuongeza kuna maana. Mwaka 2017 lilitolewa jaribio la wagonjwa 18 nchini Bolivia, ambapo unga wa upupu uliokaangwa ulilegeza mwili sawa na levodopa ya kawaida. Lakini pale kila kipimo kilipimwa kwa uzito wa mtu na asilimia ya L-dopa ilijulikana. Kopo hili halitoi hata kimoja.

Mgonjwa huyo akitaka kuujaribu, aende nao kliniki ya magonjwa ya neva, hospitali ya Mulago au iliyo karibu naye, akiwa na kopo lenyewe mkononi. Asiache vidonge vyake ghafla kwa sababu ameanza unga, kwani kukatika kwa levodopa kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa. Apime kwa mizani ya gramu badala ya kijiko, ameze nusu saa kabla ya chakula au saa moja na nusu baada yake, maana protini ya maharage, nyama, maziwa na karanga hugombania mlango mmoja na L-dopa kuingia ubongoni. Kwa wiki nzima aandike kwenye daftari saa aliyomeza, gramu ngapi, saa mwili ulipolegea na saa ulipokaza tena. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko kila kilichochapwa kwenye lebo.