Maestro au Batman Anayecheka: uanze na yupi?

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, ubishi huu hauishi: kati ya Maestro wa Marvel na Batman Anayecheka wa DC, kampuni mbili za Marekani za vitabu vya katuni, nani adui mkali zaidi? Wote ni mashujaa walioharibikiwa katika ulimwengu mwingine.

Kwa bando, Maestro ni nafuu. Kisa chake cha asili, kilichoanza 1992, kina matoleo mawili tu. Mwenzake, wa 2017, ametapakaa kwenye mifululizo kibao. Ukiruka toleo moja, umepotea.

Kwa kutisha, nampa Maestro bila kusita. Ni Hulk yuleyule, lile jitu la kijani lenye nguvu, sasa mzee mwenye ndevu za mvi, anayetawala mabaki ya dunia baada ya vita vya nyuklia. Rick Jones, rafiki yake wa zamani, ametunza chumba chenye ngao ya Captain America na vitu vya mashujaa waliokufa. Ukurasa ule huniuma kila nikiufungua.

Kwa hila, Batman anashinda: sumu ya Joker, adui yake mkubwa, ilimwondolea utu, akili ikabaki.

Mwenye jioni moja tu aanze na Maestro. Anayewajua DC tayari, na anapenda kufuatilia kwa miezi, amchukue Batman.