Mchoro naupenda, duka sitaki hata kulisikia

Msinunue pale. Naanza na hilo kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuusifia mchoro na kuwapelekea wateja watu walionidharau mchana kweupe.

Ni duka la sanaa hapa Mwanza mjini, jina silitaji. Nilikuwa natafuta kitu cha ukutani kwa ajili ya saluni yangu ya Kirumba, kitu kisicho simba wala Mlima Kilimanjaro. Nikakipata. Plaiwudi karibu ukubwa wa mlango, imebandikwa mabango ya mtaani yaliyochanikachanika: mkutano wa injili, onyesho la bendi, mganga anayerudisha mpenzi aliyekimbia, na kipande cha kanga kinachungulia kwa chini. Juu yake mtu kapuliza spreyi kwa kiolezo, sangara yuleyule mara nne, wa waridi, wa njano, wa kijani, wa bluu. Mchoraji wa Marekani Andy Warhol alivyomrudiarudia nyota wa sinema Marilyn Monroe mwaka 1962, ndivyo alivyofanyiwa samaki wetu. Katikati amekaa mama muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, kavaa miwani ya jua, shavu zima limejengwa kwa nukta nyekundu, zile nukta za katuni zilizochapwa ambazo Roy Lichtenstein, mchoraji mwingine wa Marekani, alizikuza mpaka zikawa ndiyo picha yenyewe. Hereni zake ni vizibo vya soda vilivyopigiliwa misumari. Nilisimama pale mpaka bodaboda aliyenileta akaanza kunipigia honi.

Laki nne na nusu, nikatoa. Niliwaambia wazi kwamba unakwenda saluni, kwenye mvuke na madraya. "Hamna shida, umepigwa vanishi huo."

Mvua za vuli hazijaisha, nafungua mlango asubuhi nakuta kona ya juu imeachia. Bango limejikunja kama jani la mgomba lililopigwa jua, na mkia wa sangara wa njano umeondoka nalo. Nikamwita jirani yangu, fundi wa kuandika vibao. Akakwangua kwa kucha, akacheka. "Dada, hapa walibandika karatasi juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa. Karatasi itashika wapi? Halafu gundi ni ile nyeupe ya mbao, wameizimua maji." Akanionyesha na kingo za plaiwudi: hazijapakwa chochote, zinanyonya unyevu na kuvimba. Gundi ile ikilowa hulegea, basi karatasi inanyanyuka yenyewe.

Nikaufunga kwa kanga mbili, nikapakia kwenye bajaji, nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu zangu zote, naomba mlijue hilo. Kijana wa kaunta, sawa na mdogo wangu wa mwisho, hata macho hakuyatoa kwenye simu. Shikamoo sikuidai.

"Mama yangu, hii ni sanaa ya mtaani. Kwani mabango ya mtaani hayabanduki?"

Nikanyamaza. Akaona nimeingia darasani. Akanieleza kwamba London kuna mchoro wa Banksy, msanii wa kuchora kwenye kuta za mitaani, ulijichana wenyewe mnadani mwaka 2018, palepale baada ya nyundo kugongwa, na mwaka 2021 ukauzwa tena kwa zaidi ya pauni milioni 18. Kwa hiyo wangu ndiyo kwanza unapanda thamani. Halafu akamgeukia mwenzake ili wacheke vizuri: "Anayetaka kisichobanduka si anunue kalenda?"

Kalenda. Mimi, niliyeacha laki nne na nusu juu ya kaunta hiyohiyo.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Banksy alificha mashine ya kuchana karatasi ndani ya fremu, kwa makusudi, ili mchoro ukiuzwa mnadani ichane. Nyinyi mlichoficha ni gundi iliyotiwa maji. Wasanii wa Ufaransa Jacques Villeglé na mwenzake Raymond Hains walianza kubandua mabango yaliyochanika kwenye kuta za Paris mwaka 1949, wakayabandika upya kwenye turubai, na kazi hizo zinatundikwa kwenye makumbusho ya Ufaransa. Mchaniko wao ulishikizwa. Na kama Paris ni mbali, marehemu Edward Saidi Tingatinga alichorea Dar kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya haadibodi. Alifariki mwaka 1972 na michoro yake bado ipo. Rangi ya baiskeli!

Haya yote sikumwambia. Pale dukani nilichoweza kusema ni "nirudishie hela yangu", kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka stendi. Akasema niuache, "tutaangalia". Nikafungua kanga ili nimwoneshe ubovu, na mama wa dagaa akanitazama na ile miwani yake. Nikaufunga tena nikaondoka nao.

Ndiyo, najua. Lakini hamjaliona shavu lile. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku walitua kwenye vanishi kabla haijakauka, wakagandia humo. Ukiwa mbali huoni kitu. Ukisogea unakuta baadhi ya nukta zina mbawa. Watoto wanaosubiri mama zao wasukwe wanashindana kutafuta nukta ipi ni mdudu, na saluni haijawahi kuwa na utulivu kama ule. Mkia wa sangara ulipobanduka imetokea namba ya simu ya mganga, na mteja wangu mmoja ameinakili. Sikumuuliza ana shida gani.

Basi mchoro nyota nne. Nilitaka kuupa tano, ila asubuhi hii na kona ya chini imeanza kunyanyuka, iwe tatu na nusu. Duka sifuri. Nikitulia naona gundi si kosa la yule kijana, lakini kalenda ni yake mwenyewe, na namba ya msanii alininyima eti ni siri ya biashara.

Kwa hiyo wewe msanii, jina lako nyuma ya ubao limefutika nusu. Haya yakikufikia, njoo Kirumba, ulizia saluni yenye sangara wa rangi. Mkeo nitamsuka bure mtindo wowote autakao. Msasa ninao, gundi ya maana uje nayo wewe, na wale wadudu usithubutu kuwagusa.